Gurudumu la pikipiki ile haligeuzwi na kompyuta

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari wiki iliyopita mlichapisha picha ya pikipiki ya Kiitaliano, Bimota Tesi H2, na chini yake mkaeleza kwamba haina shoki ya mbele na kwamba gurudumu lake hugeuzwa na kompyuta. La kwanza ni nusu kweli. La pili si kweli hata kidogo. Pikipiki ile inageuzwa na mikono ya dereva kupitia vyuma, na vyuma hivyo vinashikika, vinapakwa grisi na vinalegea sawa na vya pikipiki yoyote iliyoegeshwa steji. Shoki ya gurudumu la mbele nayo ipo, ila imehamishwa ikawekwa nyuma karibu na kiti, ubavu kwa ubavu na mwenzake wa gurudumu la nyuma. Naomba msahihishe. Gazeti hili linasomwa na vijana wanaotaka kuwa mafundi, na kijana akishaambiwa kwamba kitu ni cha kompyuta anaacha kukichungulia.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili limenikera kiasi cha kushika kalamu. Mimi ni fundi wa kunyoosha shoki za pikipiki, Kariobangi Light Industries. Kazi yangu ni hiyo tu, wengine wafunge injini. Paipu ya shoki ikiletwa imepinda naifungua, naimwaga mafuta, naipangusa mpaka ing'ae, kisha nailaza juu ya kioo kinene nilichokitoa kwenye meza kuukuu na kuiviringisha polepole huku taa ikimulika kutoka upande wa pili. Paipu iliyonyooka haipitishi mwanga. Iliyopinda utaona mwanga unafunguka chini yake na kufunga tena kadiri inavyozunguka, na pale unapofunguka zaidi natia alama ya chaki. Kutoka hapo ni presi, kidogo kidogo. Ukiiminya kwa pupa kromu inapata ufa usioonekana, ufa unaingiza kutu, kutu inakwaruza oili sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na baada ya muda mafuta yanachuruzika mpaka kwenye breki. Mwenye pikipiki atarudi kwako akiwa na maneno, na atakuwa na haki.

Sasa, alama hiyo ya chaki ina tabia moja. Karibu kila mara inaangukia mahali pale pale, chini kidogo ya kibanio cha chini, pale paipu inapochomoza kutoka kwenye shingo, sehemu ya mbele ya fremu inayoshika usukani. Haijalishi paipu imetoka kwa pikipiki gani, ya bei ya juu au ya chini. Haijalishi kama mwenyewe aligonga nyuma ya lori au aliruka tuta la Outer Ring usiku akiwa amebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Inapinda hapo kwa sababu hapo ndipo nguvu zote zinapokutana, na nguvu kubwa kati ya hizo, tukiacha ajali, ni ya breki.

Chukua pikipiki na dereva wake, jumla kilo 200. Akibana breki sawasawa kwenye lami kavu, lami inaweza kulisukuma tairi kurudi nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150. Shingo ya fremu iko sentimita 80 hivi kutoka chini. Paipu za shoki zinaishika shingo hiyo kama makucha ya nyundo yanavyoshika msumari, na kadiri mpini ulivyo mrefu ndivyo msumari unavyoumia. Ndiyo maana watengenezaji wanaitia shingo vyuma vingi hivyo. Fremu nzima ya pikipiki ya kawaida imechorwa kumridhisha huyo bwana mmoja aliye juu.

Shida haiishi kwenye nguvu. Shoki za mirija miwili tulizozoea zimepewa kazi tatu kwa wakati mmoja: zinageuza gurudumu, zinabeba breki, na zinameza matuta. Kazi hizo zinagombana. Unapobana breki paipu inajipinda kidogo, na paipu iliyojipinda hukwama ndani ya ala yake badala ya kuteleza. Maana yake ni kwamba shoki inakuwa ngumu wakati ule ule unapoihitaji iwe laini, breki imeshikwa na shimo ndilo hilo mbele. Halafu pua inazama. Pua ikizama shingo inasimama wima zaidi, magurudumu mawili yanasogeleana, na umbali kati ya pale mstari wa shingo unapoigonga lami na pale tairi linapoigusa unapungua. Umbali huo kwa pikipiki nyingi ni kama milimita 100, na ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe likifuata njia. Kwa hiyo pikipiki uliyokuwa unaendesha kabla ya kubana breki na ile unayoendesha baada ya kubana si moja. Dereva hajui hesabu hiyo, lakini mikono yake inaijua.

Wachoraji wa pikipiki kama Tesi wamekataa jambo hilo tangu mwanzo. Wamesema: breki na matuta vibebwe na mkono unaotoka chini, karibu na injini, na kugeuka kufanyike ndani ya gurudumu lenyewe. Niruhusu nieleze taratibu, kwa maana hapa ndipo vijana wangu wa kibandani walipopotelea, na nadhani ndipo hata mwandishi wenu alipokimbilia kompyuta.

Anza na ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Kwenye pikipiki hii ekseli haizunguki, wala haigeuki kushoto au kulia. Imeshikwa kila ncha na mkono wenye matawi mawili unaotoka kwenye injini kuja mbele, mfano wa ule mkono wa nyuma unaoujua, ila umeelekezwa upande wa pili. Unapanda na kushuka tu. Matawi yake yamepindishwa nje ili gurudumu lipate nafasi ya kugeuka katikati yao.

Katikati ya ekseli, ndani kabisa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mahali jicho halifiki, imepitishwa pini iliyosimama, imelala nyuma kidogo. Mafundi wa lori wataitambua upesi: ni kingipini. Juu ya kingipini hiyo imekaa ngoma ya chuma iliyo wazi ndani. Ngoma inaweza kugeuka kushoto na kulia, lakini haizunguki na tairi. Nje ya ngoma zimevalishwa beringi mbili, na si beringi za kutia mfukoni. Ni pana, kwa sababu ngoma nzima imepita ndani yake. Juu ya beringi hizo ndipo gurudumu linapozunguka. Vitu vitatu basi, kimoja ndani ya kingine: ekseli isiyoondoka mahali pake, ngoma inayogeuka, na gurudumu linalozunguka. Mtu akishavipanga vitatu hivyo kichwani, yaliyobaki ni ya kawaida.

Kalipa za breki, yale makucha yanayobana diski, zimefungwa kwenye ngoma, kwa hiyo zinageuka pamoja na gurudumu na diski zake. Ngoma ina kijimkono cha pembeni, na kutoka hapo inapanda fimbo yenye bolijointi, kiungo cha kitufe cha chuma kinachogeuka pande zote, ndugu wa tai rodi ya gari, mpaka kwenye kiungo cha kupindisha mwelekeo kilichoshikizwa ubavuni, kisha fimbo nyingine mpaka kwenye usukani. Dereva akisukuma usukani, fimbo zinasukumana, ngoma inageuka juu ya kingipini, na gurudumu linafuata. Hakuna waya wa umeme popote katika safari hiyo. Katika majaribio ya kwanza ya Tesi Waitaliano walijaribu kutumia mafuta ya presha badala ya fimbo, lakini hata hayo si kompyuta, na wakayaacha wakarudi kwenye fimbo.

Kuna jambo moja ambalo picha haiwezi kulionyesha, na mimi nalihesabu kuwa ndilo ufundi wenyewe. Mkono unapopanda kwenye tuta, ncha yake inachora sehemu ya duara. Ekseli ingekuwa imekazwa moja kwa moja kwenye mkono, ingezunguka nao kidogo na kuilaza kingipini, na tungekuwa tumerudi kule kule kwenye pembe inayobadilika. Kwa hiyo ekseli imeachwa huru kwenye ncha za mkono, na inazuiwa isizunguke na fimbo nyingine inayokwenda sambamba na mkono huo hadi kwenye injini. Mkono na fimbo vinafanya msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazokabiliana hukaa sambamba. Gurudumu linapanda na kushuka, kingipini inabaki na pembe yake ile ile. Na fimbo hiyo ndiyo inayobeba msokoto wa breki: kalipa inapoikamata diski, ngoma na ekseli vinataka kuzunguka na gurudumu, fimbo inavikatalia, na nguvu inapelekwa chini kwenye injini badala ya kupandishwa shingoni. Mtaona basi kwa nini pikipiki hizi hazihitaji fremu nzito ya mbele. Kwenye Tesi mikono yote miwili, wa mbele na wa nyuma, imefungwa kwenye bamba zilizokaza injini.

Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, "Mzee, kwa hivyo hii ukibana breki uzito hauji mbele?" Unakuja, kijana wangu. Uzito huhamia mbele kwenye pikipiki yoyote duniani. Unategemea urefu wa pikipiki na kimo cha mzigo, na hakuna habu itakayoubembeleza. Kinachoweza kubadilishwa ni kama pua itazama au la. Mkono ukichorwa ukiteremka kidogo kuelekea mbele, yaani kiungo cha nyuma kiwe juu kuliko ekseli, gurudumu haliwezi kupanda bila kwanza kusogea mbele. Breki nayo inalivuta nyuma. Moja inataka mbele, nyingine inavuta nyuma, na shoki haipati nafasi ya kubonyea. Mchoraji anaamua mteremko, na kwa huo anaamua pua izame kiasi gani. Kwenye shoki za mirija hana uamuzi huo: gurudumu linapopanda linasogea nyuma, kule kule breki inakolivuta, kwa hiyo breki yenyewe inasaidia kuizamisha pua.

Wasomaji wengine watadhani haya ni mambo ya juzi. Marekani, katika miaka ya 1920, Carl Neracher alichora pikipiki iliyoitwa Ner-A-Car, ya chini sana, unaikalia miguu mbele, na usukani wake ulikuwa wa aina hii ya kwenye habu. Iliundwa Syracuse katika jimbo la New York, na Uingereza pia ikaundwa kwa leseni. Ilikuwa ya mwendo wa pole, lakini ilisifiwa kwa utulivu, na watu walikuwa wakiiendesha bila kushika usukani. Mwaka 1922 mwendeshaji maarufu aliyeitwa Cannonball Baker aliipeleka kutoka New York hadi Los Angeles. Barabara za Marekani za wakati huo, nje ya miji, nyingi zilikuwa za vumbi na matope, kwa hiyo mtu asiniambie mtambo huu ni wa lami ya Ulaya peke yake.

Baadaye Jack Difazio, fundi wa Kiingereza wa mji wa Frome, akawa anabadilisha pikipiki za watu kwa kuwafungia habu zake, na za aina hiyo zikaingia hadi mashindano ya masafa marefu. Wafaransa wakafuata. Kampuni ya mafuta ya Elf ilitoa fedha, mhandisi André de Cortanze akachora, na kutoka mwaka 1978 hadi miaka kumi baadaye kulikuwa na pikipiki za Elf zenye mbele ya ajabu, mwishowe zikiendeshwa na Ron Haslam katika mashindano ya dunia ya 500cc. Hazikuchukua ubingwa. Cha kuchekesha ni kwamba nusu ya nyuma ya Elf, ule mkono wa upande mmoja unaoacha gurudumu likae wazi upande wa pili, Honda iliuchukua na ukaenea barabarani. Nusu ya mbele, ambayo ndiyo iliyokuwa na akili zaidi, ikabaki makumbusho.

Tesi yenyewe ilizaliwa chuoni. Pierluigi Marconi aliianza akiwa mwanafunzi wa uhandisi Bologna mapema miaka ya 1980, akaingia Bimota ya Rimini akiwa na wazo lake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikauzwa Tesi 1D yenye injini ya Ducati. Yamaha nao mwaka 1993 wakatoa GTS1000, mkono wa mbele wa upande mmoja uliotokana na kazi ya Mmarekani James Parker. Kule kugeuka hakukuwa ndani kabisa ya habu bali kwenye bolijointi mbili zilizo karibu nayo, lakini wazo ni la ukoo huo huo. Ilikuwa nzito, ilikuwa ghali, na Marekani iliuzwa miaka miwili tu. H2 mliyoichapisha imekuja mwaka 2019, baada ya Kawasaki kununua karibu nusu ya Bimota, ndiyo maana injini yake ya 998cc ni ya Kawasaki.

Karne nzima, basi, na bado pikipiki karibu zote zinakuja na mirija miwili. Kwa nini? Watu wa mitandaoni wanapenda kusema kampuni kubwa zimeufungia ufundi huu kabatini. Mimi sikubali, na nina sababu niliyoishika kwa mikono yangu.

Tuna mwanafunzi wa politekniki aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazi, na mradi wake ulikuwa usukani wa kwenye habu. Tulimjengea kielelezo cha mezani, habu na kingipini kutoka kwenye skrepa za gari dogo, fimbo tulizozikata wenyewe, bolijointi za mtumba za Kirinyaga Road, na usukani wa bodaboda kwa juu. Kiligeuka vizuri, watu wakaja kukitazama. Kisha nikamwambia akamate tairi kwa mikono miwili alitikise kushoto na kulia, na mwenzake aweke kidole kwenye usukani. Tairi lilicheza, usukani hauna habari. Tulipokwenda kiungo kwa kiungo tukitafuta mchezo huo, hapakuwa na kiungo hata kimoja ambacho ungekitupa. Kila bolijointi ilikuwa na mchezo mdogo sana, wa kusikika kwa kidole kuliko kuonekana kwa jicho, ila zimepangwa msururu, na mchezo wa hii unaongezwa juu ya mchezo wa ile. Kwenye gari mtu hasikii, ana magurudumu manne. Kwenye pikipiki dereva anaisoma barabara kwa viganja, na hapo viganja vimefungwa kitambaa.

Waliowahi kuziendesha Tesi za kwanza walilalamikia jambo hilo hilo, kwamba usukani ulikuwa kimya. Bolijointi mpya za bei kubwa huondoa sehemu kubwa ya ukimya huo. Sasa peleka bolijointi hizo vumbi la Kangundo Road na matope ya Kayole mwezi wa nne, halafu uniambie zitadumu muda gani kabla mwenyewe hajaamua kuzifunga kwa waya.

La pili ni kugeuka. Gurudumu limekaa kati ya matawi ya mkono, likigeuka sana linayagusa. Bodaboda wetu hula kwa kugeuka. Atazame mtu namna wanavyopenya River Road saa kumi na moja jioni, usukani umelazwa mpaka mwisho, matatu huku na mkokoteni kule. Mnyime kona hiyo umemnyima kazi. La tatu, pancha. Gurudumu la mbele la pikipiki ya kawaida linatoka kwa spana moja au mbili kando ya barabara. Hili lina ngoma, fimbo na kalipa za kuheshimiwa kwanza.

Halafu kuna lile ambalo wachoraji wengi hawakulitarajia. Dereva aliyezoea pua kuzama anatumia huko kuzama kujua breki imeshika kiasi gani. Ukimwondolea kabisa anahisi hajafunga breki, anabana zaidi, mpaka tairi linateleza. Ndiyo maana siku hizi wanaoziunda hawaizuii pua isizame kabisa, wanamwachia kidogo cha kumwambia.

Kwa upande mwingine mirija miwili imeboreka mno tangu enzi za Elf. Paipu zimenenepa, mafuta yanapimwa vizuri, na gharama imeshuka kwa sababu inatengenezwa kwa mamilioni. Hakuna kabati lililofungwa. Kitu kizuri kilishindwa na kitu cha kutosha, kilicho rahisi. Na wazo lenyewe la kuitenganisha breki na kugeuka halikufa. BMW waliliingiza barabarani kwa njia zao mbili, ya R1100RS mwaka 1993 na ya K1200S mwaka 2004, hii ya pili ikifuata mchoro wa Norman Hossack. Na Honda Gold Wing ya 2018 ina mikono miwili ya mbele ya namna hiyo. Zote zinageukia juu, shingoni, kwa hiyo msururu wa fimbo za kugeuzia ni mfupi. Mimi nawaona hao kuwa wajanja kuliko Waitaliano, ingawa Tesi ni nzuri zaidi kutazama.

Nimeandika marefu, lakini kuna kundi moja ninalotaka lisome mpaka hapa. Nairobi sasa kuna kampuni zinazounganisha pikipiki za umeme, Roam wakiwemo, na kuna wanafunzi katika vyuo vyetu wanaochora za kwao. Pikipiki ya umeme inachorwa upya: tangi hakuna, injini hakuna, betri inataka mahali pake. Ni nafasi ambayo haiji kila siku, na bado mbele yake tunaagiza mirija miwili ya kromu na kuikaza pale pale shingoni. Sisemi wafunge usukani wa kwenye habu. Nimekwisha kueleza kwa nini haitufai. Nasema wamchoree mteja wa Kayole kwa kujiuliza swali ambalo mtambo ule unamlazimisha mtu kujiuliza, yaani nguvu ya breki inapitia wapi mpaka ifike kwenye fremu.

Wanaozikumbuka Honda C70 za zamani, ndugu za Super Cub iliyoanza mwaka 1958, watakumbuka kwamba mbele hazikuwa na mirija ya kuteleza. Zilikuwa na mikono miwili mifupi chini, ekseli ikiwa mbele ya kiungo. Vyuma vya kuchomelea, bushi, shoki ndogo mbili. Hakuna kromu ya kupasuka wala oili sili ya kuvuja, na mikono kama hiyo inaweza kukatwa hapa Kariobangi kwa leti ya kawaida. Ilikuwa na kasoro iliyojulikana: ukibana breki ya mbele, pua inapanda badala ya kuzama. Watu walicheka wakaiacha. Lakini kupanda kule si laana ya mikono mifupi. Breki ikishikizwa kwenye mkono wenyewe, msokoto wake unausukuma mkono chini na pua inanyanyuka. Ikiachwa huru kwenye ekseli na kuzuiwa na fimbo yake, sambamba na mkono, inayokwenda hadi juu kwenye mguu unaoshuka kutoka shingoni, kupanda kunapungua, na kwa kubadilisha mteremko wa fimbo unachagua pua ifanye nini. Ni msambamba ule ule wa Tesi, umefupishwa ukashushwa bei, na usukani unabaki shingoni unapoeleweka. Ubaya upo: bushi zitakwisha, na uzito wa mbele utaongezeka kidogo. Bushi ni shilingi chache na dakika chache za kazi.

Mwanafunzi wetu ameacha habu na sasa anachora ya aina hiyo kwa ajili ya pikipiki ya umeme ya chuo chao. Mchoro alioniletea Jumamosi ulikuwa safi isipokuwa sehemu moja, breki aliishikiza kwenye mkono. Nimemrudishia aihamishe.

Fundi wa shoki,
Kariobangi Light Industries,
Nairobi